Miaka 42: kuongoza ndege, udispacha, au nibaki kwenye utalii?

Mzee_wa_Sakina
Wakuu salama? Niko Arusha, 42, napanga magari na madereva kwenye kampuni ya utalii. Aprili mvua zikianza wageni hakuna, mshahara unakatwa nusu na bosi anasema tuvumilie. Kila wiki nipo eapoti ya Kisongo kupokea wageni, nauangalia ule mnara nasema hii kazi naiweza, kupanga Land Cruiser na kupanga ndege si ni kupanga tu 😂 Form six nilisoma PCM (fizikia, kemia, hesabu). Nalinganisha uongozaji ndege na udispacha, ile ya kuandaa safari ya ndege ukiwa chini kabla haijaruka, anayejua anipe ukweli.

FundiWaAnga
Mkuu anza na umri. Mwajiri wa waongoza ndege hapa kwetu ni TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kwa hiyo ni ajira ya serikali, na matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huwa yanasema usizidi 45 labda uwe tayari uko kazini serikalini. Sasa usubiri nafasi itangazwe, usaili wa kuandika, wa mdomo, ukipita chuo Dar, ukitoka unakaa pembeni ya kontrola mwenye leseni mpaka siku akuachie maiki. Na ukithibitishwa mnara wa Kisongo haimaanishi kesho unakaa KIA, uwanja wa Kilimanjaro, kule unaanza kuthibitishwa upya.

binti_Kiboriloni
Bora hata hapa kaka. Marekani lazima uombe kabla hujafika 31 na ukigonga 56 unatoka.

Mzee_wa_Sakina
Dah. Kwa hiyo nina miaka 3?

FundiWaAnga
3 kwenye karatasi. Halafu medikali daraja la 3, macho, masikio, presha, na ukishavuka 40 unarudi kila miaka 2 badala ya 4. Kiingereza nacho kina mtihani wake, ukipata kiwango cha 4 unapimwa tena baada ya miaka 3. Na ile ya kupanga magari sahau, gari likichelewa linapaki pembeni, ndege haipaki angani. Unampa rubani maelekezo, anakurudishia, usikilize kama kayarudisha sawasawa, sekunde hiyohiyo mwingine anaomba kutua na gari la zimamoto linataka kukatiza ranwei. Sijasema huwezi, nasema ujue.

KisongoOps
Asee mimi ni dispacha, niliingia nikiwa 39, acha nimtetee mzee. Kampuni binafsi haziangalii hiyo 45. Na mtu wa utalii tayari unajua nusu ya kazi, wageni, kambi, nani anashukia Kogatende nani Seronera kule Serengeti. Kinachobaki ni hali ya hewa, mafuta na uzito. Kisongo iko juu, futi 4,500 na zaidi, jua la saa nane likiwaka ndege ndogo kama Caravan inapanda kwa shida, sasa mgeni kaambiwa kilo 15 begi laini yeye kaja na sanduku la matairi zito kama jeneza, wa kumwambia libaki ni wewe. Anakufokea, rubani anakutumbulia macho, na karatasi ya mzigo ina sahihi yako. Hilo ndo tatizo la kazi, sio hesabu.

chalii_wa_Ngarenaro
Ila KisongoOps sema na hili, hao wenye ndege ndogo si wanategemea wageni haohao? Aprili kambi zikifungwa na nyie mnakaa. Atakuwa kahamia tatizo lilelile na uniform juu.

KisongoOps
Hapo umenishika. Aprili ndege zinapungua kweli, wengine wanapewa likizo. Ila leseni ni yako, unaweza kuhama nayo, Dar kuna ndege kubwa zinaruka mwaka mzima.

binti_Kiboriloni
Ahame Dar na watoto wako shule Arusha? Mke ameulizwa?

Mzee_wa_Sakina
Mke bado 😅 Medikali naipima kwanza kabla ya yote maana presha nina historia nayo nyumbani. Tangazo likitoka naomba tu, hailipiwi. KisongoOps nakufuata inbox, ada ya kozi ya udispacha wanapokea kwa awamu?

KisongoOps
Mimi nililipa kwa awamu. Ila nenda chuoni mwenyewe, na uone kibali chao cha TCAA kabla hujatoa hata mia.