Halloween bila kujaza jalala: tupeane uzoefu

Mama Tanga (Columbus)
Habari zenu wapendwa. Oktoba 31 hiyo inakuja, siku ya Halloween, watoto wanapovaa nguo za kutisha na kuomba pipi nyumba kwa nyumba, na maboga huchongwa sura kuwa taa. Sisi tunaolea huku ughaibuni tunajua watoto hawatulii. Mimi kinachoniuma ni asubuhi yake: mtaa mzima maboga yamepangwa barabarani yanangoja gari la taka. Yakifukiwa jalalani huoza bila hewa na kutoa methani, gesi inayozidisha joto la dunia. Na boga kwetu ni futari jamani!

Mwaka jana nilinunua mawili. Kubwa watoto wakalichonga (hayo yana maji mengi, hayana utamu), mimi nikachambua mbegu, nikazikausha na kuzikaanga kwa chumvi. Lile dogo tamu sikuruhusu kisu. Wakalichora macho na meno kwa mkaa, likakaa dirishani. Novemba mosi nikaliosha, nikamenya, nikalipika kwa tui zito na iliki. Mwanangu wa mwisho alikuwa anaramba sufuria huku akiniuliza kama amekula lile jitu la dirishani.

Nanyi mnafanyaje?

Baba Pacha (Leeds)
Mama Tanga, shikamoo. Mimi ni upande wa nguo. Zile za dukani nyingi ni poliesta, zinavaliwa usiku mmoja. Binti yangu alitaka kuwa popo. Nikachukua mwavuli mweusi uliovunjwa na upepo, nikang'oa njiti, nikaukata katikati na kuushonea mgongoni mwa sweta lake. Ile mikunjo ya mwavuli ndiyo mabawa yenyewe! Pacha wake alivaa shuka kuukuu, na pipi walikusanyia kwenye foronya.

Shangazi wa Minneapolis
Naomba sana, msitundike mitini ule utando bandia wa buibui. Niliuweka mara moja tu. Asubuhi nikakuta kandege kadogo kamenasa mguu, kanapiga bawa moja. Nilikakatia nyuzi kwa mkasi wa kucha, mikono inatetemeka. Kaliruka, lakini sijaununua tena.

Mgeni Toronto
Dada Mama Tanga, na lile kubwa lililochongwa ulilipeleka wapi?

Mama Tanga (Columbus)
Marahaba Baba Pacha. Mgeni, lililala nje usiku kucha na mshumaa ndani, halifai kuliwa tena. Nilikwangua nta yote, nikalikatakata kwa jembe, nikalichanganya na majani makavu kwenye shimo la mboji. Mwezi wa sita mche wa boga ukachomoza wenyewe pale pale. Majani yake tumeshayala mara mbili, kwa karanga.