Mjadala: Mafunzo ya dansi ya kisasa yapewe mkopo au ruzuku?

Mwalimu wa Mtoni
Heshima kwenu wakuu. Nafundisha dansi ya kisasa, hii wengine wanaiita kontemporari. Vijana kumi na wawili, ada hawana. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unakopesha, na sikatai: mwanamuziki akikopa atarudisha kwa shoo. Mimi ninayemnoa kijana miaka mitatu kabla hajapanda jukwaani, rejesho la kwanza nalitoa wapi? Naona mafunzo yapate ruzuku, mikopo ibaki kwa wenye biashara. Mnasemaje?

Kisiki
Kontemporari si ndiyo ile ya kugaragara chini kama kuku kachinjwa, ngoma haipigwi, mzungu mbele analia? Kwa kodi yangu, hapana. Ngoma zetu za asili zipo: sindimba ipo, mdundiko upo, bugobogobo ipo. Mbona wanenguaji wa bendi hawakusomea popote? Kukata kiuno mtu anazaliwa nako.

Mamaa Stejini
Kisiki, hapo umenigusa. Nimenengua miaka tisa, na sikuzaliwa na chochote. Mazoezi tulifanyia uani kwa baa, saa nane mchana, saruji tupu, na kiongozi wa safu haridhiki mpaka mdondoke kwa magoti. Leo nikienda kijijini kwa mama, choo ni cha shimo: kuchuchumaa nashika ukuta, kuinuka namwita mtoto. Nina miaka thelathini na nane.

Kisiki
Pole dada. Ila hiyo ni kesi ya bendi, haihusiani na mada.

Mamaa Stejini
Bendi umeileta wewe!

Pwani Raha
Mada yenyewe sielewi. TaSUBa, chuo cha sanaa, si ipo Bagamoyo tangu enzi za Mkapa? Waende huko.

Mzee wa Kumbukumbu
Usipotoshe, kijana. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kimeanza 1981, Nyerere akiwa madarakani. TaSUBa ni jina la 2007, kilipogeuzwa wakala wa serikali. Ukumbi wao ulivyoungua 2002 mmesahau?

Pwani Raha
Sawa babu, jina limebadilika, chuo ni kilekile. Hoja yangu iko palepale.

Mwalimu wa Mtoni
Bagamoyo nawaheshimu, lakini wana ngoma, muziki, maigizo, uchongaji, vyote chini ya paa moja. Senegal, mcheza dansi Germaine Acogny alianzisha shule, École des Sables, pale Toubab Dialaw 1998, kazi yao dansi tu, wanakuja watu toka Afrika nzima. Studio yao moja sakafu yake ni mchanga.

Pwani Raha
Mchanga?! Sasa ruzuku ya nini, si mwende ufukweni Coco, bure kabisa 😂

Mamaa Stejini
Coco ukanyage kizibo cha soda umalizie hospitali.

Mzee wa Kumbukumbu
Mwalimu, huyo mama Acogny usimtaje nusunusu. Kabla ya shule hiyo aliongoza nyingine ya dansi, Mudra Afrique, Dakar, kuanzia 1977, Rais Senghor na Béjart, mtunzi wa dansi wa Kifaransa, wakiwa nyuma yake. 1982 imefungwa. Rais mzima yumo na bado miaka mitano tu. Ruzuku unayoililia ndiyo hiyo, leo ipo kesho haipo.

Mwalimu wa Mtoni
Mzee, na mkopo je? Nisiporejesha wanachukua spika. Nyingine sina.

Kisiki
Spika zenyewe mnazo na ngoma hampigi.

Mamaa Stejini
Kisiki, hiyo sindimba unaijua au unaisikia redioni?

Kisiki
Nimezaliwa Newala, kwenye sindimba yenyewe, dada. Usinichokoze.

Mamaa Stejini
Weka video.

Pwani Raha
Weka video!

Mwalimu wa Mtoni
Wakuu, swali langu lilikuwa mkopo au ruzuku.

Kisiki
Subiri kwanza mwalimu. Video naweka Jumapili, uwanja wangu wa udongo, nije na ngoma tatu. Mamaa Stejini, ukija nitakutafutia kiti.

Mamaa Stejini
Kiti kaa wewe. Kiuno bado kipo, lililokufa ni goti.