Ushauri: Kuzibua bomba la maji taka na kuvusha kebo bila kubomoa uwanja, Dodoma

mkazi_Ilazo
Wakuu, habari za asubuhi. Nina nyumba hapa Ilazo. Uwanja una pevingi, njia ya gari ni zege. Bomba la choo la inchi 4 linaloelekea chemba ya getini linaziba kila mara. Fundi akizibua, haupiti muda maji yanarudi chooni. Sasa anasema tuchimbe mtaro kutoka ukutani mpaka getini, tubadilishe bomba lote. Pia nataka kupeleka umeme vyumba vya wapangaji, na kebo lazima ivuke hiyo zege, kama mita 4. Wapangaji wana watoto wadogo, mtaro wazi unanitia hofu. Hakuna njia nyingine?

fundi_chemba
Mkuu, usikubali kuchimba kabla hujajua bomba linaumwa nini. Funua chemba zote. Ukikuta moja imejaa na inayofuata ni kavu, tatizo liko kati ya hizo mbili. Fimbo za kuzibulia zizungushwe upande mmoja tu, kama mshale wa saa. Zikizungushwa kinyume viungio vinafunguka, zinabaki ndani, na hapo mtaro utachimbwa kwa lazima.

Je, kuna mwarobaini karibu? Dodoma imejaa miti hii, na mizizi yake hufuata unyevu hadi kwenye kiungio kilicholegea. Fimbo inatoboa tundu katikati ya mizizi, maji yanapita, fundi analipwa, kisha mizizi inanasa karatasi upya. Maelezo yako yananipeleka huko.

Tafuta mwenye mashine ya maji ya presha. Nozeli yake, yaani ncha ya mpira wa maji, ina matundu yanayotazama nyuma: maji yakitoka kwa nguvu, yanaisukuma mbele na papo hapo yanakokota uchafu kurudi ulikotoka mpira. Ndiyo maana huingizwa kutoka chemba ya chini kupanda juu, uchafu ukachotwe pale chini. Zipo na nozeli za kukata mizizi. Bomba likishakuwa safi, pitisha kamera. Ikionyesha kiungio kimoja kimeachia, chimba hapo tu. Kiungio kisiporekebishwa, mizizi itarudi.

mama_Nkuhungu
Mimi humwaga kostiki soda na maji ya moto. Haimfai?

fundi_chemba
Dada, kwa mizizi haifai. Kwenye mafuta ya jikoni inaweza kutengeneza sabuni inayoganda humohumo ndani. Tena inatoa joto kali, si rafiki wa bomba la plastiki. Na ukishaimwaga, tafadhali mwambie fundi anayekuja, maji hayo yanaunguza ngozi na macho.

umeme_Kizota
Nijibu la kebo. Kwenye pevingi huhitaji mashine yoyote, matofali yale yamelala juu ya mchanga. Toa la kwanza kwa bisibisi mbili bapa, mengine yatatoka kwa mkono. Chimba sentimita 60, tandika mchanga, laza kebo yenye ganda la waya wa chuma, mchanga tena, kisha utepe wa tahadhari. Shindilia tabaka kwa tabaka, la sivyo pevingi zitatitia.

Chini ya zege kuna chombo kinachoendeshwa na upepo wa kompresa, kinajigonga mbele udongoni na kuvuta bomba la plastiki nyuma yake. Unachimba mashimo mawili tu, moja kila upande. Kisipite juujuu, kitainua zege: kama unene wa chombo ni sentimita 6, kiende chini sentimita 60 au zaidi. Adui yake hapa kwetu ni mawe. Kikigonga jiwe kinapinda. Mashimo yako yakitoa mawe matupu, heri kukata mfereji mwembamba kwenye zege.

Ila bomba la choo lijulikane kwanza limepita wapi na kina gani. Kebo ikilitoboa, utazibua mpaka uchoke.

kijana_Makulu
Na zile mashine zinazopitisha faiba chini ya lami?

umeme_Kizota
Hizo ni za kuchimba kwa mlalo. Zinatoboa tundu dogo huku mtu juu akifuatilia kichwa kwa mawimbi, kisha linapanuliwa na kujazwa tope la bentonaiti (aina ya udongo wa mfinyanzi) lisiporomoke. Wamarekani walivuka mto Pajaro, California, kwa njia hiyo mwaka 1971. Kwa mita 4 za uwanjani ni gharama bure. Ingekuwa kuvuka barabara, sawa, lakini na kibali cha wenye barabara, TARURA au TANROADS.

mkazi_Ilazo
Asanteni sana. Nimefunua: chemba ya karibu na nyumba imejaa, ya getini kavu. Mwarobaini upo, wa jirani, unagusa ukuta. Niingie kuchota tope kabla mashine haijaja?

fundi_chemba
Usiingie kabisa, wala usimtume kijana! Gesi yenye harufu ya yai viza huko ndani ikizidi inaua pua, hutaisikia tena, na mtu anaanguka. Chota ukiwa juu kwa ndoo na kamba, na mfuniko ulindwe watoto wasisogee. Mashine ianzie chemba ya getini. Siku nyingine ukikuta hiyo ya getini nayo imejaa, kizibo kiko mbele kuelekea bomba la mtaa. Wapigie DUWASA, mamlaka ya maji Dodoma, kabla hujamlipa fundi.