Mrejesho: saa ya seva kurudi nyuma, Tabora

Wakuu, niliuliza kuhusu seva ya ofisini kwetu hapa Tabora mjini, ambayo kila umeme ukikatika saa inarudi nyuma na risiti zinatoka na tarehe za miaka iliyopita. Imepona.

Matatizo yalikuwa mawili, moja limejificha nyuma ya jingine. Betri ya bodi, ile CR2032 ya duara inayotunza saa umeme ukikatika, ilikuwa imekufa. Nikabadilisha, lakini saa ikaendelea kuteleza taratibu. Ndipo nikamfuata aliyesema nitazame safu ya Reach kwenye chronyc sources, amri ya chrony, programu inayolinganisha saa ya seva na seva za muda za mtandaoni (ubarikiwe ndugu yangu). Ilisoma 0, yaani hakuna seva ya muda hata moja iliyokuwa inajibu. Kumbe faiawoli ya ruta inazuia UDP, poti 123, njia ambayo maulizo ya muda hupitia! Nilipoifungua, Reach ikapanda hadi 377 (huandikwa kwa namba za mfumo wa nane, octal): maulizo manane ya mwisho yote yamejibiwa.

Mliosema nibadili majira ya saa, hapana. Africa/Dar_es_Salaam ilikuwa sawa tangu mwanzo. Nimeweka pia makestep kwenye mipangilio ya chrony, ili seva ikiwaka na saa mbovu iruke palepale badala ya kusogea kidogokidogo.

UPS (kifaa cha betri cha kushikilia umeme ukikatika) bado naisaka, bei za hapa mjini zinatisha.