Gego la mwanangu limetoboka: ni maji yetu au ni meno kuoza?

Mama wa Leganga
Habari za jioni wapendwa. Nipo Usa River, Arusha. Mwanangu ana miaka 8, meno yake ya kahawia kama watoto wengi wa huku. Mimi mwenyewe nimekulia Maji ya Chai na meno yangu ni hayo hayo, kwa hiyo sikuwahi kuhangaika. Juzi nikaona anatafunia upande mmoja. Nikammulika kwa tochi ya simu: gego la nyuma kabisa, chini kulia, lina shimo, na ndani umenasa wekundu wa ubuyu. Niliumia, maana hela ya ubuyu kwa Mangi nampa mwenyewe kila siku. Nilikompeleka wamesema ni jino la utoto, ling'olewe litaota jingine. Mama mkwe anasema ni maji tu, nimwache. Nifanyeje?

Kijana wa Tengeru
Pole sana mama. Na mimi nyumbani walisema ni maji. Nimefika kidato cha pili magego mawili yameisha. Miaka yote hiyo nilikuwa nasugua ya mbele kwa jivu yawe meupe, ya nyuma hakuna aliyeyatazama.

Tabibu wa meno, Moshi
Dada, usikubali ling'olewe kabla hujahesabu. Anzia katikati ya taya kwenda nyuma: ya utoto ni matano tu kila upande. Kama hilo ni la sita, ni la ukubwani. Huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, nyuma ya mengine, bila jino lolote kung'oka, ndiyo maana wazazi wengi hawalijui. Likitoka limetoka. Shimo likiwa bado halijafika kwenye kiini linazibwa, na hata likifika mara nyingi linatibika.

Rangi na shimo ni vitu viwili. Rangi inatokana na floridi, madini yaliyomo kwenye maji, ikizidi wakati jino linajengeka. Kiwango cha mwisho kwa maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi, maji yanapungua, floridi inabaki. Shimo linatokana na sukari: vijidudu vya mdomoni vinaigeuza asidi kila mtoto anapolamba, na ubuyu wa kumung'unya kutwa nzima ni mbaya kuliko kitu kitamu anachokula mara moja na chakula. Dawa ya meno yenye floridi usiiache kwa kuogopa maji. Apige mswaki asubuhi na kabla ya kulala, dawa kidogo, ateme.

Mama wa Leganga
Nimehesabu mara tatu, mtoto kaachama mpaka analalamika. Ni la sita! Asante sana daktari, kesho nampeleka kuziba. Mdogo wake ana miaka 3, huyo meno yake ya ukubwani bado yanajengeka. Tuna tangi la maji ya mvua, nitamtengea ya kunywa na ya uji. Ila makande bila magadi yanaiva kweli?

Bibi wa Poli
Yanaiva mwanangu. Magadi nayo yana floridi, achana nayo. Loweka mahindi na maharage tangu jioni, asubuhi mwaga maji hayo, bandika na mapya.