Filamu za Asia za mapenzi ya ujana: ipi ilikukumbusha ya kwako? Tupeane uzoefu

Mleta mada (Dodoma)

Wakuu, poleni na majukumu.

Jana usiku umeme uliporudi nimeiangalia tena The Classic, filamu ya Korea Kusini ya mwaka 2003, mwongozaji Kwak Jae-yong. Mara ya kwanza niliiona hosteli, tukiwa wanne kwenye kitanda cha chini, laptopu iko juu ya ndoo iliyogeuzwa. Wenzangu walisifia ile sehemu ya mvua, kijana anamfunika binti kwa koti lake wanakimbia wote. Mimi iliyonimaliza ni ya mgahawani.

Joo-hee ni binti wa watu wenye nafasi, wazazi wameshampangia mchumba. Jun-ha anampenda, na ndiye huyohuyo anayeombwa na rafiki yake, yaani mchumba mwenyewe, amwandikie barua za kumpelekea Joo-hee. Baadaye Jun-ha anakwenda vitani Vietnam. Wanapokutana tena anatabasamu, anaongea vizuri, anamwambia ameshaoa. Joo-hee machozi yanamtoka, anamuuliza kama anayaona. Hayaoni. Macho yalipotelea vitani, na alikuwa amefanya mazoezi mapema ya namna ya kukaa na kuongea ili binti asijue.

Na mimi nilidanganya vilevile. Mwaka wa tatu nilikosa ada, nikarudi kijijini kulima alizeti. Nilimpigia mwenzangu nimesimama chini ya mbuyu, maana ndipo pekee mtandao ulipokuwa unashika, nikamwambia nimepata mwingine. Nilitaka asome kwa utulivu, asimsubiri mtu asiye na mbele wala nyuma. Akasema "sawa", akakata.

Haya, karibuni. Filamu gani ya huko iligusa penzi lako la ujana, na nini kiliwatenganisha, au mlikivuka vipi?

Mdau wa Tanga

Mkuu umenikumbusha mbali. Yangu ni Us and Them, ya China, 2018, mwongozaji Rene Liu. Kijana na binti wanajuana kwenye treni, watu wanarudi makwao kwa Mwaka Mpya wa Kichina, na wote wawili wanahangaikia maisha Beijing. Hakuna mzazi aliyewakataza wala tajiri aliyeingia kati. Kilichowamaliza ni chumba, kile kijichumba cha kupanga ambacho kila siku kinakukumbusha kwamba hujafika. Ya zamani yote yanaoneshwa kwa rangi, ila siku walizonazo sasa ni nyeusi na nyeupe tupu.

Mimi na mwenzangu tulipanga Mbagala. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, nikauza cherehani yangu. Tangu siku ile mwenzangu akabadilika. Alianza kurudi saa sita za usiku, na haikuwa habari ya wanawake. Alikuwa anaona aibu kunikuta macho. Nilikuwa nasikia anavyofungua mlango polepole, anavua viatu nje, nami najifanya nimelala ili nisimuaibishe. Tuliishi hivyo karibu mwaka mzima, tunapendana na hatuongei.

Kwenye filamu, baba wa kijana anaendelea kumhesabu yule binti kama mwanawe hata baada ya wao kuachana, mpaka anamwandikia barua. Hapo nililia kwa sauti. Mama yake mwenzangu hadi leo kila Idi ananipigia, ananiita mwanangu.

Dada wa Arusha

Nitaeleza mwisho wa filamu, ambaye hajaiona aruke.

Sairat, ya Kimarathi kutoka India, 2016, ya Nagraj Manjule. Archie ni mtoto wa mwanasiasa mwenye mashamba, Parshya ni mtoto wa mvuvi wa tabaka la chini. Wanatoroka mpaka Hyderabad, wanaanza na kibanda, wanagombana, wanapatana, wanapata mtoto. Kisha kaka yake Archie anakuja na ndugu wamebeba zawadi kutoka kwa mama. Archie anawachemshia chai. Wanawaua wote wawili. Mtoto alikuwa kwa jirani. Anarudishwa, anaingia ndani, anatoka na nyayo zenye damu. Muziki hakuna.

Niliiona nikiwa na ujauzito wa miezi saba. Nilikuwa nimeolewa na mtu wa dini nyingine, nyumbani walishanikatia simu mwaka mzima. Mtoto alipofikisha siku arobaini, mlango ukagongwa, kaka yangu mkubwa, na mfuko wa mchele na doti ya khanga. Akasema, "Mama amekutumia." Miguu iliniisha nguvu. Nilimpa mtoto jirani kupitia mlango wa uani kabla ya kumkaribisha.

Kaka aliketi, akanywa chai, akauliza mjomba wa mtu yuko wapi. Alikuwa anamaanisha mwanangu, kwetu ndivyo tunavyotania watoto wachanga. Nikaenda kumchukua. Alimpakata mpaka jioni. Sijawahi kumwambia niliwaza nini siku ile.

Bi mkubwa wa Unguja

Wanangu, sie zetu zilikuwa za Kihindi, sinema ikijaa mpaka watu wakikaa chini. Mie nimeiona Bobby ya Raj Kapoor, ya 1973, kwenye onesho la wanawake. Raja mtoto wa tajiri wa Kihindu, Bobby mtoto wa mvuvi Mkristo wa Goa. Wazee wao wakitukanana kwa kiburi, mpaka watoto walipojirusha majini ndipo nao wakajitosa kuwaokoa.

Wallahi, shoga yangu niliyekwenda naye alitoka pale kimya. Alikuwa akiozwa mwezi ule kwa asiyemtaka. Aliniambia, "Baba angu mie hajui kuogelea." Akaozwa.

Mdau wa Kahama

Nasoma kimyakimya tangu asubuhi. Mleta mada, nisamehe, lakini sikubaliani na yule Jun-ha, na wewe pia sikubaliani nawe. Kumwamulia mwenzako kwamba hataweza kubeba shida yako ni kumdharau. Nimeachwa hivyo hivyo, najua maumivu yake. Ulimtafuta kumwambia ukweli?

Mleta mada

Mdau wa Kahama, nimekubali neno lako.

Nilimtafuta mwaka 2021. Ameolewa, ana watoto wawili, tulikutana stendi akiwa safarini, basi lao limesimama dakika ishirini. Nikamweleza kuhusu ada, alizeti, mbuyu, yote. Alinisikiliza huku anamenya chungwa la mwanawe, akamaliza kumenya, akampa.

Akasema, "Nilijua. Mama yako aliniambia wiki ileile. Nilikuwa nasubiri uniambie wewe."