Nungwi au Jambiani? Naombeni ushauri, tunaondoka wiki ya Nane Nane

Kijana wa Kiomboi: Wakuu habari za jioni. Nina jambo linaninyima usingizi. Familia tumechangishana mwaka mzima ili twende Zanzibar wiki ya Nane Nane, siku nne, watu sita. Mimi pwani naijua kwa picha tu, Dar nimefika mara mbili na zote niliishia Kariakoo, nikachukua mzigo nikageuza. Sasa huyu ananiambia Nungwi, yule Jambiani, mwingine Paje. Nataka ufukwe mtulivu, mtu akanyage maji bila presha, na hela yetu si ya kitalii. Twende wapi? Nawaomba haraka, kuna kitu natakiwa kukamilisha Ijumaa.

Kijiko: Nungwi. Uzi ufungwe.

Shangazi Tanga: Zanzibar ya nini kama hela ni ya kuchangishana? Njooni Pangani, vukeni mto muende Ushongo, ufukwe mrefu na watu wa kuhesabu. Mimi na baba watoto tulienda 2009, tulikula pweza wa nazi siku tatu mfululizo mpaka mzee akaanza kuulizia viwanja. Hadi leo tukigombana nikimkumbusha Ushongo anacheka.

Dereva Mstaafu: Au muende Mbudya, boti zinatoka Kunduchi, asubuhi mnaenda jioni mnarudi, hakuna cha kulipia malazi. Vijana wa siku hizi mnapenda kukopa kwa ajili ya picha.

Kijana wa Kiomboi: Hatujakopa mzee wangu. Ni Zanzibar tu, hilo lilishaamuliwa. Swali ni ufukwe.

bint_makunduchi: Kabla hujaambiwa wapi, uliza bahari itakuwaje siku hizo. Mie nimezaliwa huku kusini Unguja. Jambiani, Paje, Bwejuu, pwani yote ya mashariki maji yakipwa yanakwenda mbali mno, unabaki na tope la mchanga, mawe, majani na vigingi vya mwani vya kina mama. Angalia mwezi. Ukiwa mpevu au ukiandama ni bamvua, maji hupwa sana na kujaa sana. Siku hizo huku maji hutoka kabisa kama saa nne asubuhi na hujaa kama saa kumi jioni. Katikati ya hapo ni maji mafu, hayendi mbali na hayaji kwa nguvu. Kila siku saa husogea mbele karibu dakika hamsini. Nungwi na Kendwa ni tofauti, maji hayakimbii sana, unaweza kuoga saa yoyote, ila watu wengi na bei iko juu. Sasa mnakuja mwezi ukiwaje?

Kijana wa Kiomboi: Dada asante sana, hili hakuna aliyewahi kuniambia. Nimeangalia kalenda, ni mwezi mpevu kabisa.

Kijiko: Basi mtaenda kuangalia bahari ikiwa haipo 😂

MkaaDiani: Nyie njooni Kenya, Diani mchanga ni mweupe kama unga na mna tumbili wa kuwaibia ndizi bure.

nesi wa zamu: Mleta uzi, hiyo "akanyage maji bila presha" imenigusa. Mtu mzima mwenye miguu yake haongei hivyo. Ni nani hasa anayekwenda kukanyaga maji?

Kijana wa Kiomboi: Ni familia tu. Dada na mumewe, watoto wao wawili, mimi na bi mkubwa.

nesi wa zamu: Bi mkubwa ana miaka mingapi na ana tatizo gani?

Kijana wa Kiomboi: Samahani nimechelewa kujibu. Mama ana miaka 71, ana kisukari muda mrefu. Miguu imekufa ganzi, na wa kushoto alikatwa kidole kidogo. Mwaka jana alikaa siku mbili na sindano ya cherehani kisiginoni bila kujua, mpaka mjukuu alipoona soksi ina damu. Sikutaka kuliandika kwa sababu najua mtaniambia nisimpeleke. Na nyumba ya Jambiani nimeshalipia nusu, vyumba vitatu, iko mbele ya bahari, Ijumaa namalizia. Nungwi kwa hela hiyo tungepata chumba kimoja. Halafu mama anapenda utulivu. Yeye anasema lazima avue viatu, akanyage kwa mguu wake.

Dereva Mstaafu: Hapo umetukosea kijana. Unauliza ufukwe kumbe unaficha mgonjwa. Ila maji ya chumvi ni dawa ya miguu, wazee wetu walijua hilo, mwache akanyage.

nesi wa zamu: Mzee wangu, kwa heshima yote, hapana. Nafanya kliniki ya kisukari, naona vidonda vilivyoanza na kijiwe kidogo. Mleta uzi, mpeleke mama yako, lakini asivue viatu. Sio majini, sio mchangani, mchanga wa mchana unaunguza na yeye hatasikia. Viatu viwe vya kufunika vidole, visimbane, na mkung'ute kila akitoka maana chembe za mchanga ndani ya kiatu zinasaga ngozi. Jioni mwoshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kausha katikati ya vidole, kisha angalia nyayo kwa tochi. Kukiwa na kidonda kibichi, baharini asiingie. Dawa zake zisikae juani na mbebe kitu cha sukari.

bint_makunduchi: Na huku kwetu maji yakipwa kuna vile vidude vyeusi vya miba mirefu kwenye mawe. Sisi tukichomwa tunapaka utomvu wa papai bichi.

nesi wa zamu: Na msijaribu kumkanda kwa maji moto, atababuka hajui. Akichomwa ni hospitali.

Mchunguzi Huru: Ngojeni kwanza. Akaunti ina wiki moja. Hajui pwani lakini ana nyumba ya vyumba vitatu mbele ya bahari, tulivu, bei chee. Bi mkubwa wa Kiomboi kaota bahari tu ghafla? Kesho hapa itawekwa namba ya mwenye nyumba. Hili ni tangazo, mmeliwa.

Kijiko: Duh. Ila kweli, sindano siku mbili??

nesi wa zamu: Sindano inawezekana kabisa. Nimetoa msumari kwa mtu aliyekuja kuchukua dawa za presha tu.

Kijana wa Kiomboi: Namba siweki na jina la nyumba siweki. Ndugu yangu Mchunguzi, baba alikuwa dereva wa lori. Akishuka Dar alikuwa anamletea mama maji ya bahari kwenye chupa ya soda, kaiziba kwa kipande cha gunzi. Mama alikuwa anayaonja kwa ncha ya kidole kisha anatupaka sisi kwenye paji la uso. Kila safari baba alisema safari ijayo twende wote. Alifariki 1998. Chupa ya mwisho ipo kabatini, maji yalishakauka imebaki chumvi imeganda chini. Ndiyo maana nang'ang'ania.

Shangazi Tanga: Mwanangu nimefuta maneno ya Ushongo. Mpeleke.

Mchunguzi Huru: Sawa, yaishe. Ila akaunti ina wiki moja kweli.

bint_makunduchi: Sikiliza, pesa usiipoteze. Muombe mwenye nyumba akusogezee wiki moja mbele, mwezi utakuwa umekatika, maji mafu, asubuhi yanakuwa juu wakati jua halijawa kali. Akikataa njooni hivyohivyo, ila asubuhi mama akae kibarazani, saa tisa na nusu ndiyo mshuke, maji yatamfata mwenyewe mpaka karibu na nyumba, hana haja ya kupita kwenye mawe. Asiende zaidi ya magoti. Na ni kusi, upepo upo, mchukulieni khanga ya kujifunika. Viatu vya mpira vya kufunika nitamtafutia, wanavaa kina mama wa mwani. Anavaa namba ngapi?

Kijana wa Kiomboi: Nimempigia mwenye nyumba, anasema atanijibu kesho. Mama viatu hajakubali bado, dada anaongea naye sasa hivi. Namba 39. Wa kushoto utapwaya kidogo, upande wa kile kidole.